Risala ya Klabu ya Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Mkuu wa Shule,
Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Wakubwa wote, shikamooni.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi juani. UNESCO ilipitisha Novemba 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 ikaanza kuadhimishwa. Ni tarehe ileile iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Historia hiyo wenzetu wa Fomu Tatu wataieleza kwenye igizo lao, sisi tuna jambo jingine la kukuambia.

Mgeni Rasmi, klabu yetu mwaka huu imeshughulika na methali. Kazi yenyewe ilianzia kwenye ubishi. Tulipewa zoezi lenye safu mbili, kushoto methali za Kiswahili, kulia za Kiingereza, tuziunganishe kwa mistari. Zoezi lilikuwa rahisi, lakini lilituacha na mashaka. Hapa Kigoma darasa moja lina watoto wanaosema Kiha nyumbani, wengine Kirundi, wengine Kibembe, wengine Kiswahili cha kutoka Uvira na Kalemie, kule Kongo. Kila tulipounganisha methali mbili, alitokea mtu akasema: "Kwetu hiyo ipo, ila haisemwi hivyo, tena haisemwi kwa mtu wa namna hiyo."

Tuchukue inayokuhusu wewe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zoezi lile lingeiunganisha na usemi wa Ulaya kwamba samaki na mgeni wote huanza kunuka siku ya tatu. Usemi huo Waitaliano wanao, Wajerumani wanao, na Benjamin Franklin wa Marekani aliuchapa kwenye kalenda yake mwaka 1736, ukiwa tayari ni mkongwe. Siku ni zilezile tatu. Hadithi ya Mtume nayo inasema ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Lakini angalia kila mmoja anavyomfanya mgeni wake. Mzungu ameshaziba pua. Mwarabu anaendelea kulisha, ila anakujulisha kuwa sasa unakula kwa hisani na haki yako imekwisha. Mswahili anakukabidhi mpini. Kwenye jembe hilo mna kukaribishwa na kusutwa kwa pamoja: ukilipokea umekuwa mtu wa nyumbani, ukilikataa unajua njia. Na wahenga hawakuwa wapole sana. Lipo shairi la zamani linalompa mgeni wa siku ya kwanza mchele na panza, na akifika siku ya kumi anatolewa kwa mateke na magumi. Hiyo hatukuiweka kwenye bango la mapokezi.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyohiyo alipoeleza msingi wa Ujamaa. Alitaka kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi, na hakukuwa na nafasi ya mnyonyaji. Akaongeza kuwa huenda mgeni mwenyewe angeomba jembe kabla hajapewa. Maneno ya bibi anayemchoka shemeji asiyeondoka yakawa hoja ya uchumi wa nchi, bila kubadilishwa hata herufi. Sisi tunaona maana ya methali huwa haijakamilika mpaka ijulikane nani kasema, kamwambia nani, na kuna nini kati yao. Wewe umekuja kwa saa chache, Mgeni Rasmi, kaa kwa amani.

Mfano mwingine ni maji yakimwagika hayazoleki. Wachina wana methali hiyo kwa maji yaleyale, na wanasimulia kisa chake. Mke wa Jiang Taigong, kiongozi wa China ya kale, alimkimbia mumewe huyo alipokuwa bado fukara. Mume alipopanda cheo mke akarudi kuomba msamaha, mume akamwaga maji chini, akamwambia ayazoe. Kwa hiyo kwao methali hiyo inanukia talaka. Kwetu hutumika kwa siri iliyotoboka, mtihani uliokwisha, au neno lililomtoka mtu kikaoni. Waingereza nao wanamwaga maziwa, ila wanachokataza ni kilio. Mtu akikutolea ya Kiingereza anakupoza. Akikutolea ya Kichina, funga mizigo.

Inawezekana pia watu wa lugha moja wakasema methali moja wakiwa na maana mbili zinazopigana. Kiingereza kinasema jiwe linalobingirika halioti kuvu. Wa zamani walimwonya mtu asiyetulia kwamba hatapata kitu, kuvu ikiwa ndiyo mali. Siku hizi wengi, Wamarekani hasa, wanaisikia kama sifa: anayehangaika hapati kutu. Na sisi tusicheke, kwa sababu tunasema haraka haraka haina baraka asubuhi, mchana tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wapo wanaoona huo ni udhaifu wa methali. Sisi tunaona ndiyo kazi yake. Anayetaka kukutuliza ana yake, anayetaka kukuharakisha ana yake, na wote wawili wanawasingizia wahenga.

Mgeni Rasmi, ndiyo maana tuliacha kukusanya methali tupu. Tumenunua kaunta buku ya kwaya tatu na kuipiga mistari: methali, lugha, aliyesema ni nani kwa umri na kazi (jina hatuandiki), alimwambia nani, na palitokea nini. Turuhusu tukusomee mbili.

Ya kwanza imeandikwa getini. Mwalimu wa zamu anamwona mwanafunzi anakuja taratibu, kengele imeshalia, anamwambia: "Mwenda pole hajikwai, eeh?" Mwanafunzi akatimua mbio. Kitabuni methali hiyo inasifu utulivu. Pale getini ilikuwa fimbo.

Ya pili imetoka mwalo wa Kibirizi. Mchukuzi ametua gunia la dagaa, mwenye mzigo anamwambia atamlipa jioni. Mchukuzi anatazama ziwa, anasema: "Mkono mtupu haulambwi, mama." Hakudai kwa ukali, wala hakumtaja mtu. Mama akacheka, akafungua fundo la kanga, akalipa. Angesema "nipe hela yangu" huenda wangegombana. Kwa kuwa walisema wahenga, hapakuwa na wa kugombana naye.

Tumeandika pia za Kirundi, kama buhoro buhoro ni rwo rugendo, ambayo ni ndugu wa damu wa polepole ndio mwendo. Hatuandiki "methali ya Kiafrika". Mtandaoni neno hilo limebandikwa kwenye kila picha ya machweo. Usemi kwamba kijiji kizima ndicho kinacholea mtoto umezunguka dunia kwa jina hilo, hasa baada ya Hillary Clinton kuufanya jina la kitabu mwaka 1996, na wanaotafuta lugha uliyotoka kwa maneno hayohayo hawajakubaliana. Mkono mmoja haulei mwana, hiyo tunaijua ni ya Kiswahili, na wazee wanaoisema tunawajua.

Kazi hii ina vikwazo. Maktaba ina kitabu kimoja tu cha methali, kimetoka jalada na kurasa za herufi M, ambazo ndizo nyingi. Hatuna kinasa sauti, na mzee hawezi kurudia methali kwa hasira ileile aliyoisema mara ya kwanza. Siku za gulio huangukia siku za masomo. Na baadhi ya wenzetu bado wanaona lugha ya nyumbani ni ya kuficha, hasa wakisikia mtu anacheka lafudhi yao.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Ofisi yako itusaidie kupata kamusi za methali, hata nakala tano, pamoja na vinasa sauti viwili. Tunaomba barua ya utambulisho kwa watendaji wa kata, ili wazee wasidhani tunaandikisha watu. Tunaomba kaunta buku yetu ichapwe itakapojaa, nakala moja ibaki kwenye maktaba ya wilaya. Mwisho, kabla hujaondoka, tunaomba utuandikie methali moja ya kwenu kwa lugha ya kwenu, na utuambie ni nani alikuambia, na ulikuwa umefanya nini.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Kiswahili.