Tuwape watoto mashua ya ziwa letu, yenye taa yake

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mashua hapa Dunga, Kisumu, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mwezi wa Aprili kazi ilipungua kama kila mwaka, kwa kuwa kuanzia mwezi huo hadi Julai uvuvi wa omena, yaani dagaa, husitishwa ili samaki wazaane. Mwenye mashua asipouza samaki, fundi naye hana wa kumlipa. Ndipo binti yangu alipotuletea kutoka Nairobi sanduku la vipande vya mbao vya kuunganisha: jahazi la milingoti mitatu ambalo likikamilika huwa taa ya sebuleni. Mimi na mjukuu wangu wa Gredi ya 8 tulilijenga kwa jioni tisa.

Vipande vimekatwa kwa mashine ya leza kwenye plaiwudi ya milimita 3, kingo zake zimeungua zikawa za kahawia, na ukifungua sanduku unasikia harufu ya moshi. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Lakini tulianza na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, tukasimamisha mataruma, yaani mbavu zake za ndani, moja baada ya jingine, kisha tukavika mbao za ubavuni. Nikamwona mtoto akishika kwa siku tatu jambo ambalo mimi nililipata kwa marehemu baba yangu baada ya mwaka mzima wa kumshikia mbao: taruma moja likikaa upande, ubao wa juu wote utakataa kulala.

Mvua za masika zilitutatiza. Plaiwudi ni tabaka zilizopishanishwa, nyuzi za hii zikikatiza za ile, ndiyo maana haipasuki ovyo. Hata hivyo ikinyonya unyevu hupinda. Sitaha, yaani sakafu ya juu ya jahazi, ililala usiku kucha chini ya kisanduku changu cha misumari, asubuhi ikawa imenyooka. Viungo vilivyobana tulivipitishia msasa laini na kuvipaka nta ya mshumaa.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Niligundisha sitaha kabla ya kujaribu taa, na taa ikakataa kuwaka. Taa hizi ndogo za LED hupitisha umeme upande mmoja tu, nasi tulikuwa tumegeuza waya. Tuliibandua sitaha kwa kisu, taratibu, na kipande kimoja kikavunjika. Nilikwenda soko la Kibuye na mjukuu wangu kwa fundi wa redio, naye akamwonyesha hesabu yake: betri 3 za volti 1.5 hutoa volti 4.5, taa nyeupe yataka takriban volti 3, ile 1.5 inayobaki huachiwa rezista, kidude cha kupunguza umeme, na rezista ya ohmu 100 itapitisha miliampea 15, taa isiungue. Mtoto ambaye kila jioni huikimbia hesabu aliiandika kwenye kiganja kwa kalamu ili asiisahau njiani.

Usiku tulipoiwasha, mwanga ulitoka kwenye madirisha madogo ya jahazi ukatanda ukutani. Taa hiyo haitoi joto la kuunguza mbao, ndiyo sababu inaweza kukaa humo ndani, koroboi usingethubutu. Tulikaa kimya kidogo. Kisha mjukuu wangu akauliza, "Babu, hii inavua nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Ziwani kwetu taa na mashua ni kitu kimoja. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa omena hushusha taa majini na samaki wakaujia mwanga. Nilipokuwa kijana zilikuwa karabai, zikinguruma na kunuka mafuta taa. Siku hizi wengi wana taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Ukisimama ufuoni utadhani kuna mji katikati ya maji. Mjukuu wangu ameziona taa hizo tangu azaliwe, lakini chombo chenye taa alichopewa akijenge kwa mikono yake ni cha bahari ambayo hajawahi kuiona.

Basi nilichukua mabaki ya plaiwudi nikachora sese, mashua yetu ya mbao iliyopata jina kutoka visiwa vya Ssese, Uganda. Ina omo, yaani sehemu ya mbele, iliyochongoka, mataruma sita, mbao za kukalia wapiga makasia, na taa inayoning'inia kwenye kijiti nje ya ubavu, pale pale mvuvi anapoiweka. Vipande 34, urefu sentimita 40. Taa ya pili iko ndani, nyuma ya karatasi ya kuokea, ili mwanga utoke kwa upole katikati ya mbao. Niliikata kwa msumeno wa mkono na ilinichukua siku nne. Mashine ya leza ingeikata kwa muda mfupi sana.

Ninawaomba wenye maduka mjini Kisumu wanaokata mabango kwa mashine hizo wajaribu hata seti 20. Ninawaomba walimu wa sekondari msingi wanaofundisha ufundi wazitumie darasani, kwa kuwa humo mna vipimo, umeme na useremala kwa pamoja. Maseremala wa Kibuye wana vipande vinavyoishia jikoni kila siku. Na wavuvi wetu, miezi minne ya kufungwa kwa omena, wana mikono inayojua mashua kuliko mchoraji yeyote. Mvule, mti wa mbao za mashua, umeadimika, na vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi hii mwaka huu ni wawili tu. Ninaogopa kwamba sese itatoka mikononi mwetu kabla hatujaiweka mikononi mwa watoto.

Michoro yangu, ya vipimo kamili, nimeikata kwenye kadibodi na kuitia namba. Sitaki malipo. Iko kwenye banda langu ufuoni Dunga, na anayetaka kuinakili atanikuta Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.

Fundi wa mashua,
Dunga, Kisumu