Barafu ya Alaska na bonde la mpunga la mjomba

Mhariri, assalam alaykum.

Wiki iliopita tulikuwa barzani baada ya laasiri, mwenzetu mmoja akafungua simu akatusomea habari ya Wamarekani wanaorusha ndege yenye rada juu ya Alaska na kaskazini ya Canada kupima ardhi ya barafu, hata hajamaliza mzee mmoja akamkata, "Sasa hiyo barafu na sisi Wapemba wapi na wapi?" Watu wakakubaliana nae, maneno yakahamia bei ya karafuu. Mimi nlinyamaza, lakini suali lile nimelala nalo na kuamka nalo, naomba nafasi gazetini kwenu nilijibu.

Kule kaskazini kuna ardhi iloganda chini kwa chini miaka nenda miaka rudi, wataalamu wanaiita pamafrosti. Kiangazi linayayuka tabaka la juu tu, baridi ikirudi linaganda tena. Ndani yake mna majani na mizizi na mizoga ya maelfu ya miaka ambayo haijaoza, mfano wa samaki uliomtia frizani, na umeme ukikatika siku mbili kila mtu anajua nini kinatokea. Kaboni ilofungika mle inakaribia mara mbili ya ile ilioko hewani sasa hivi. Ikianza kuoza inatoka kaboni dioksaidi na methani, gesi zinazozuia joto lisitoke, na joto la dunia linazidi, letu na lao.

Sasa rada. NASA, shirika la anga la Marekani, walianza mradi wa kuchunguza ardhi ya huko unaoitwa ABoVE mwaka 2015, na 2017 ndo ndege zikaruka kwa wingi. Rada moja wapo inaitwa UAVSAR, imefungwa chini ya tumbo la ndege, inaruka kilomita 12 hivi juu, mawimbi yake yana urefu wa kama sentimita 24 kwa hiyo yanapita mawingu na kupenya majani ya miti, usiku na mchana sawa. Ndege inapita njia moja, baadae inarudi kupita njia ile ile, wanalinganisha mwangwi wa kwanza na wa pili, ardhi ikizama hata sentimita chache inajulikana, maana barafu ikiyayuka maji yake yanachukua nafasi ndogo na udongo unashuka. Ila kilonigusa mimi ni kuwa hawaiachii rada peke yake. Wapo watu wanatembea kwa miguu kwenye matope na mbu, wana fimbo ya chuma, wanaichomeka mpaka igonge barafu, wanaandika imeingia kiasi gani, kisha ndo wanalinganisha na ya ndege.

Hapo nkamkumbuka mjomba wangu. Bonde letu la mpunga limepakana na mikoko, na kila bamvua kubwa ikishapita mjomba anashuka asubuhi, anafukua kwa mkono pembeni ya tuta, anachota maji anaonja kwa ulimi. Akitema, pale hapandi. Zamani alikuwa anatema ngwe mbili za mwisho tu upande wa pwani, mwaka jana katema mpaka karibu na mwembe, na juu ya matuta chumvi imekauka nyeupe unaikwangua kwa ukucha. Sisemi barafu ya Alaska ndo imeingia bondeni. Mikoko tumeikata wenyewe kwa boriti na kuni, na bahari inapanda kwa sababu maji yanatanuka kwa joto na barafu za nchi kavu kama Greenland zinayayuka. Lakini joto ni lile lile moja.

Na wasoamini kuwa mambo haya yanatuhusu wajue rada hiyo hiyo ilikuja Afrika, 2016 iliruka Gabon juu ya misitu na mikoko, na huko kuna mikoko inapindukia mita 60. Tena Julai 2025 NASA na India wamerusha satelaiti NISAR yenye mawimbi ya urefu kama wa rada ile ya ndege, kila siku 12 inapita pale pale, na data zake ni bure. Mawimbi haya yakipenya majani ya mikoko yanagonga maji na shina yanarudi kwa nguvu, kwa hiyo maji yalojificha chini ya miti yanaonekana, hata masika mbingu ikiwa imefunga wiki nzima. Vijana wetu si wageni wa kazi hii, tangu 2016 wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, walikuwemo kwenye kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni. Wafundishwe na kusoma picha za rada, idara za kilimo na misitu ziwape mabonde ya kufuatilia, na nyinyi Mhariri habari hizi msizikate aya mbili, ziandikeni zikamilike kwa Kiswahili tunachokisema.

Bamvua ijayo mjomba atashuka tena bondeni. Akipatikana kijana mwenye picha ya rada na daftari aje, njia ntamuonesha mwenyewe, na ntakaa nae mpaka mjomba amalize kuonja.

Msomaji wenu,
Pemba