Bahati, ile mikaratusi itoe

Bukavu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bahati,

Jambo sana. Huku tuko wazima, umeme tu ndio unakuja na kutoroka. Dosye yako ya mradi wa kaboni kwenye msitu wa Walikale imefika na boti, Mama Neema kaileta akilalamika bei ya tiketi.

Sasa, ukurasa wa 4. Hekta 40 za msitu zifyekwe, ipandwe mikaratusi? Najua kwa nini imekuvutia: kwetu Kongo msitu ni kuanzia nusu hekta, miti ya kuanzia mita 3, majani yafunike angalau asilimia 30 ya ardhi, na mikaratusi inatimiza yote hayo. Lakini masharti ya REDD+ (ule mpango wa kulipa nchi zinazotunza misitu ili kupunguza hewa ya ukaa), yaliyokubaliwa Cancún, 2010, yanakataza kugeuza msitu wa asili. Mkaguzi ataanzia hapo. Mikaratusi ipeleke kwenye vilima vitupu karibu na barabara, iwe ya makala, yaani makaa ya kupikia.

Halafu umezidisha kwa 3.67 mara mbili! Uzito mkavu wa mti zidisha kwa 0.47 upate kaboni, kaboni kwa 3.67 upate hewa ya ukaa, basi. Ukiacha hivyo kipande chako kitalishinda jimbo zima la Ituri kwa kaboni, na Papa Déo atacheka mpaka aanguke. Unene upimwe mita 1.3 kutoka chini. Mti wenye mbavu za mizizi shinani, pima juu ya pale mbavu zinapoishia, la sivyo namba inavimba.

Narudi kwenye msitu wenyewe. Miti mingi ya mbao nzito ina mbegu kubwa, zinazobebwa na tembo, gorila na hondohondo. Wawindaji wakiwamaliza, setilaiti bado inaona kijani, ila chini inachipua miti mepesi, na kaboni inashuka polepole. Kwa hiyo kila miezi 3 watu wapite njia ileile wakihesabu mavi, mitego ya waya na viota. Gorila hutengeneza kiota kipya kila usiku, mtoto analala na mama, kwa hiyo viota vya usiku mmoja vinakupa idadi ya kundi ukiacha watoto hao. Daftari hilohilo litajibu ripoti ya tabianchi na ile ya makubaliano ya bioanuwai ya Montreal ya 2022, yanayotaka asilimia 30 ya ardhi na bahari ilindwe ifikapo 2030. Kwa nini uandike mara mbili?

Nani alikupa wazo la mikaratusi, si yule mwenye vitalu vya miche? Wanakijiji walikubali kwa karatasi au kwa mdomo tu? Wanaomba hekta ngapi, maana kikomo cha msitu wa jamii ni 50,000? Na siku ya mwisho ni lini, boti ya Alhamisi itawahi?

Wako,
Espérance