Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Mawakala wa Kutuma Fedha, Minnesota

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kufika. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililotula muda mwaka mzima, nalo ni sheria.

Mteja anaingia dukani Ijumaa na mshahara wake, anataka mama yake Kigoma, Barawa au Bukavu azipate kabla ya magharibi. Hapo kaunta inasimamiwa na serikali mbili. Ya jimbo hutoa leseni, hudai dhamana na mtaji, na hukagua vitabu. Ya shirikisho, kupitia FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha inayofuatilia fedha haramu, hutaka kampuni ijisajili upya kila baada ya miaka 2 na iripoti fedha taslimu zinazozidi dola 10,000. Ukivunja sheria ya mmoja, mwingine naye anakuhusu: kuendesha biashara hii bila leseni ya jimbo ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho, kifungo hadi miaka 5, na tangu mwaka 2001 kusema hukujua leseni inahitajika hakukuokoi. Nalirudia hili kila mwaka na wengine wamechoka kulisikia. Bado wapo jamaa zetu wanaopokea fedha za watu kwenye simu na kulipa kwa M-Pesa upande wa pili, wakiona wanasaidiana tu.

Sasa habari njema. Kampuni inayotaka kufanya kazi nchi nzima huhitaji leseni ya kila jimbo isipokuwa Montana, na kwa miaka mingi kila jimbo lilikuwa na kipimo chake cha dhamana na wakaguzi wake. Gharama hizo mwishowe zilifika kwetu kama kamisheni iliyopunguzwa. Mwaka 2014 ilipita sheria iliyopelekwa bungeni Washington na Keith Ellison, wakati huo mbunge wa Minneapolis, inayoiruhusu Wizara ya Fedha kutegemea ukaguzi uliokwishafanywa na jimbo. Mwaka 2021 wasimamizi wa majimbo wakaandika sheria ya mfano ya pamoja, na mwaka 2023 bunge letu la Saint Paul likaipitisha kwa sura yake.

Ninachokipenda zaidi humo ni kifungo cha kurudisha fedha. Pale kanuni ya shirikisho inapohusika, sheria ya mfano inakaa pembeni. Mteja ana haki zile zile za kanuni hiyo: kwa kawaida dakika 30 za kughairi, siku 180 za kulalamikia kosa. Lakini sheria ya mfano pia inasema fedha alizopokea wakala ni amana ya kampuni yenye leseni, na ukizichanganya na mauzo ya unga na mchele zinabaki amana. Wenye duka la vyakula, tafadhali, kila kitu na droo yake.

Kilichobaki ni benki, na hapa sina sukari ya kuwapakia. Hakuna sheria, ya jimbo wala ya shirikisho, inayoilazimisha benki kukufungulia akaunti. Mnakumbuka Desemba 2011, benki ya hapa hapa iliyohudumia hawala, yaani kampuni za kutuma fedha Somalia, ilipoacha, na familia zikakosa njia ya kutuma. Mwaka huu mwanachama wetu mmoja kafungiwa akaunti kwa barua ya mistari michache, bila sababu. Leseni ya kampuni yake ipo, mafunzo kayafanya, vitabu viko safi. Benki ina wasimamizi wake, nao huiuliza maswali yao wenyewe kuhusu wateja kama sisi, huku matokeo ya ukaguzi wa jimbo yakibaki siri ya msimamizi. Kwa maoni yangu, ulinganishaji wa sheria umeunganisha ofisi mbili zinazotukagua sisi na kuisahau ya tatu, inayoikagua benki. Tanzania iliondolewa Juni 2025 kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji fedha, yenye nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Kenya na Kongo bado zimo, na ofisa wa benki akisikia majina hayo huanza upya.

Kodi mpya mnaijua. Kuanzia Januari 1, 2026, asilimia 1 inakatwa kwa anayetuma nje kwa fedha taslimu, hati ya malipo (money order) au hundi ya benki, raia na asiye raia. Anayelipa kwa kadi ya benki ya Marekani hakatwi. Kampuni isipoikusanya italipa yenyewe, na nawaambieni itatudai sisi. Bandikeni tangazo kaunta mapema, kabla mteja hajadhani mmemwongezea ada.

Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: kuandikia idara ya biashara ya jimbo kuomba kampuni iliyokaguliwa ipewe hati fupi ya kuionyesha benki, na kutenga sehemu ya ada za mwaka kwa mwanasheria wa kuiandika barua hiyo. Katibu ana rasimu. Isomeni wakati wa chai, tukirudi tupige kura.