Somo la bamvua lianzie pwani

Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yakitangazwa husikika kilio kilekile: vijana wanaikimbia sayansi kwa kuwa maabara hazina vifaa. Vifaa vinahitajika, sipingi. Ila sisi wa kusini Unguja tuna somo zima la fizikia linalopita mbele ya milango yetu mara mbili kwa siku, na hatulitumii.

Mtoto wa huku anaijua bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kabla hajaanza shule. Mama yake analima mwani, bibi yake anachokoa pweza, wote hupanga siku zao kwa maji. Akifika sekondari anachorewa ubaoni jua, mwezi na dunia; ananakili, anakariri, basi. Hakuna anayemwambia kuwa mchoro ule ndiyo bamvua ya mama yake.

Mimi ningeanza na hadithi. Nahodha kapandisha jahazi mchangani siku ya bamvua kubwa, maji yakiwa juu kabisa, ili alipake deheni, mafuta ya kulinda mbao. Kazi ikamchukua siku nne. Alipotaka kulishusha, maji yakaishia mbali nalo, na kesho yake mbali zaidi. Hapo mwalimu akatize, aulize: jahazi litaelea lini?

Waache wabishane. Kisha wachomeke mti wenye alama za sentimita, na kwa mwezi mmoja waandike maji ya mchana yamejaa saa ngapi na yamefika wapi. Wataona yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi nao uko safarini. Wakitazama kalenda ya Kiislamu wataona bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vikivuta kwa mstari mmoja, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, huja baada ya tarehe 7 na 22 hivi. Bamvua hadi bamvua ni kama wiki mbili; nahodha, basi, baada ya siku zake nne atangoja kama siku kumi. Na bamvua ijayo ikiwa ndogo, atangoja zaidi.

Atatokea mmoja aulize: mwezi uko upande mmoja, mbona maji hujaa mara mbili? Swali hili walimu wengi hulikwepa. Mwezi huyavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia, na huivuta dunia kuliko maji ya upande wa pili. Hayo huachwa nyuma, nayo yakavimba.

Najua nitaambiwa muhtasari ni mrefu na muda hakuna. Naomba asubuhi moja tu. Siku za bamvua maji yetu huwa yamekupwa kwenye saa nne na nusu, saa za masomo. Aalikwe mvuvi au mkulima wa mwani afundishe, mwalimu naye akae asikilize. Na watoto watoke kabla maji hayajageuka, maana huku hurudi kwa mikondo, yakamzunguka mtu kwa nyuma.

Mwalimu mstaafu,
Makunduchi, Unguja