Kwa kaka yangu, kuhusu lile ziwa

Kaka, shikamoo.

Miaka mitatu sijakuamkia, na mama hakutulea hivyo. Nikikupigia, simu inaita mpaka inakata. Ujumbe naona umefika na umesomwa, jibu hakuna. Shemeji ndiye aliyeninong'oneza kwamba kila ninachoandika hapa unakisoma usiku ukitoka zamu. Basi nakuandikia hapa hapa. Wasomaji wengine mtuvumilie leo, hasa ninyi wenye ndugu aliyenyamaza.

Jumamosi iliyopita tulirudi ziwani. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Tumetoka Saskatoon, mji wetu huku Kanada, asubuhi, ngano kulia, kanola kushoto, anga kubwa mpaka mtu anajiona mdogo kama siafu. Unaijua ile sehemu ambapo nchi ni bapa kama sinia, halafu ghafla ardhi inafunguka na maji yanaonekana huko chini, ya buluu, kama kitu kilichofichwa. Mwanangu alikuwa kimya njia nzima. Tulipofika hapo akasema, "Mjomba alikuwa anapiga honi hapa." Nikapiga honi. Sikujua nifanye nini kingine.

Tulisimama kwanza kwenye bwawa la Gardiner, kama ulivyopenda. Wale ndege mwari wamerudi, weupe pepepe, wamejipanga pale chini maji yanapotoka kwa nguvu. Ulitufundisha wewe kwamba wale hawapigi mbizi kama mnandi. Wanaogelea kwa pamoja, wanawasukuma samaki kwenye kina kifupi, kisha wanainamisha midomo mara moja. Ulisema hao ndio wavuvi wanaojua kazi, maana hakuna anayevua peke yake.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipokuleta. Ulichuchumaa ufukweni pale kwenye hifadhi ya Douglas, ukachota maji kwa kiganja ukayaonja. Ukauliza mbona hayana harufu ya samaki. Nikakueleza nilichojifunza: kwamba hili si ziwa la asili, ni mto Saskatchewan Kusini uliozibwa kwa ukuta wa udongo wenye urefu wa kilomita 5, kazi ikamalizika mwaka 1967, bonde likajaa maji kilomita 225, wakalipa jina la waziri mkuu Diefenbaker. Nikakwambia maji ya bomba tunayosongea ugali mjini yanapita hapa kwanza. Ulicheka sana. Ukasema, "Kumbe ziwa lenyewe ni dogo kwa mama yetu Tanganyika. Litatuheshimu."

Kaka, hilo neno ndilo lililotuponza.

Wewe ni mtu wa Ziwa Tanganyika. Umevua kwetu Baraka, upande wa Kongo, tangu ndevu hazijaota, umelala juu ya ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470, na taa moja ya kuvutia ndagala, umerudi alfajiri ukiimba. Sisi wasichana tulingoja nchi kavu na mabeseni. Hukuniruhusu hata siku moja nipande mtumbwi, ulisema mwanamke hapandi. Sikulalamika. Niliamini unajua maji yote ya dunia, na labda hata leo sehemu ya moyo wangu bado inaamini. Lakini maji ya kwetu mtu akiangukia anaogelea, anacheka, anapanda tena. Ya huku mwanzoni mwa Juni bado yana ubaridi wa barafu iliyoyeyuka wiki chache tu. Nilifundishwa hayo kwenye darasa la kuogelea la akina mama wageni: ukianguka, dakika 1 ya kwanza pumzi inakupaa, unavuta maji badala ya hewa. Ukivuka hapo, una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Baada ya hapo hata uwe bingwa, vidole havishiki kamba. Unaweza kuchukua kama saa 1 kabla ya kuzimia kwa baridi, lakini bila kitu cha kukuelesha hufiki huko. Ujuzi wako wa Baraka hauongezi hata dakika moja.

Siku ile nilikuwa naizungusha hesabu hiyo kichwani, moja, kumi, moja, huku nawatazama.

Jaketi za uokozi nne zilikuwa kwenye buti la gari, bado ziko ndani ya nailoni zake. Nilikuomba. Mbele ya watu ulinijibu, "Hayo ni ya watu wasiojua maji," na wanaume wakacheka. Sheria ya nchi hii inataka kila aliyemo botini awe na lake, nawe ulijua, kwa sababu leseni ya uvuvi uliinunua mapema na ukaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Ukampakia mwanangu wa miaka tisa kwenye ile boti ya kujaza upepo, mota ndogo nyuma, mkaenda.

Saa tisa alasiri upepo ukaingia. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema upepo wa huku hauna pa kukwamia, unatoka mbali kwenye nchi tupu, ukifika kwenye lile bonde unabanwa na kukasirika. Maji yakageuka rangi. Nikawa naona kofia ya kijani ya mwanangu, inaonekana, inapotea, inaonekana. Kuna mara moja ilipotea nikahesabu mpaka kumi na saba. Mzee wa kanisa akaniambia, "Dada, ondoa hofu, huyo ni mvuvi." Sikumjibu.

Mlipofika mtoto alikuwa amelowa chapachapa, midomo imebadilika rangi, meno yanagongana, naye anacheka. Wewe pia ulikuwa unacheka. Ndipo nikasema.

Sijawahi kuliandika neno lile. Nimeliandika na kulifuta mara nyingi, na leo nitaliacha, kwa sababu wote waliokuwapo walilisikia, na wanaolisimulia wanaliongezea chumvi. Nilisema: "Umezika wako, sasa unataka nizike na wangu?"

Watoto waliacha mpira. Hukunijibu. Ulivuta boti mchangani, ukaingiza samaki ndooni, walikuwa watatu, wale tuliowapa jina la macho-taa kwa sababu macho yao yanawaka kama ya paka ukiwamulika. Ukakunja mshipi polepole, ukachomeka ndoano kwenye kizibo ili isimchome mtu. Ukavua koti lako ukamvika mwanangu. Halafu ukatembea, ukapandisha ile njia ya lami kuelekea getini, na nyumbani ni zaidi ya kilomita mia.

Mimi nilikuwa kwenye jiko la mkaa. Niligeuza kuku. Unaelewa? Nilimwona kaka yangu anakwenda kwa miguu, nikaendelea kugeuza kuku, kipande kimoja kimoja, mpaka ukapotea kwenye miti.

Watu wananiambia ulikuwa mdomo wa hofu tu. Si kweli kabisa. Mimi ndiye niliyemwosha binti yako kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, malaria ilipomchukua, kwa sababu shemeji hakuweza kusimama. Nilimvika lile gauni la njano. Kwa hiyo nilipotamka nilijua nimeshika nini mkononi. Nilichagua jiwe kubwa kuliko yote kwa sababu nilitaka uache kucheka. Uliacha.

Lakini nawe nisikilize. Kama ningenyamaza? Kama upepo ule ungechelewa nusu saa, mkawa mbali zaidi? Mwaka uliofuata kuna familia moja hapa mjini, sitaitaja, ilirudi kutoka ziwa jingine ikiwa imepungua mtu mmoja, kijana, mwogeleaji mzuri. Nilikwenda kwenye msiba nikaona mama yake amekaa chini kwenye zulia anatazama viatu vya mwanawe. Nilirudi nyumbani nikasema, afadhali kaka aninunie maisha yake yote. Nilisema hivyo, na siku hiyo nilimaanisha. Kelele zangu sizijutii. Lile neno ndilo ninalolijutia. Wewe umeyafunga pamoja kwenye furushi moja, na kila ninapotaka kuomba radhi kwa moja naona unanidai radhi kwa yote mawili. Hilo siwezi. Nishauri wewe, mkubwa wangu, mtu anaombaje radhi kwa nusu?

Na wewe hukukosa? Mama alipofariki mwaka jana kule kambini tuliweka matanga mawili kwa mama mmoja. Kwako watu wanaimba, kwangu watu wanaimba, dakika ishirini kwa gari. Mchango wako wa jeneza uliupitisha kwa mtu baki. Shangazi alipiga simu akaniuliza, "Mko nchi moja au nchi mbili?" Nilimdanganya, nikasema uko safarini. Nimekudanganyia wazee, kaka. Nalo ulihesabu.

Naona nimepaza sauti tena. Turudi ziwani.

Tulikwenda mpaka Elbow, bandarini. Unalikumbuka jiwe la Mistaseni? Ulilipenda kuliko vitu vyote vya huku. Jiwe la tani 400 lililoletwa na barafu ya zamani, lenye umbo la nyati aliyelala, Wakri, wenyeji wa asili wa huku, wakilitembelea kwa heshima vizazi na vizazi. Maji yalipokaribia kupanda watu walihangaika walihamishe, haikuwezekana, na mwaka 1966 likalipuliwa kwa baruti. Vipande vichache viliwekwa pale bandarini, vingine vikabaki chini, na mwaka 2014 mzamiaji akavikuta vilipo. Uliposikia ulikasirika kama aliyeibiwa. Ulisema, "Wangeliacha lizame zima. Maji yangelitunza." Nilisimama mbele ya kile kipande Jumamosi, nikakusikia kabisa unavyosema.

Mwanangu akaniuliza kwa nini nimesimama muda mrefu. Nikamwambia miguu inauma.

Amekuwa mrefu, anafika begani kwangu. Anapajua Douglas kuliko mimi. Alinipeleka kwenye vilima vya mchanga, akanionyesha dungusi kati ya nyasi, mmea wa jangwa kwenye nchi ya theluji, na akanizuia nisikanyage sehemu ya ufuko kwa sababu kuna kindege cha rangi ya mchanga kinachotaga juu ya changarawe tupu, na wamebaki wachache. Maji ya bwawa yakipandishwa mapema, viota vinazama. Aliniambia kwa sauti yako, ile ya kumfundisha mtu bila kumtazama. Nani alimfundisha? Mimi simjui huyo ndege.

Kuhusu majira ya baridi, kwa kuwa najua unakwenda peke yako sasa: shemeji ameniambia. Nakuomba usiamini barafu ya kandokando kwa sababu tu magari yanapita katikati. Huku maji yanaachiliwa kuzalisha umeme wakati wa baridi, kina kinashuka chini ya barafu, na barafu ya ufukweni inabaki bila cha kuilalia, inapasuka. Si kama maziwa mengine. Usikasirike kwamba dada yako anakufundisha ziwa. Ulikataa kunifundisha, nikalazimika kujifunza kwa watu. Mwaka wa kwanza ulipokanyaga barafu ulinishika mkono, mtu mzima, ukasema "bado tuko juu ya maji?" Nami nilikushika. Hayo hayasimuliwi na wale wanaosimulia lile neno.

Jaketi lako lipo. Nililitoa kwenye nailoni, nikalipima kwa koti ulilomwachia mwanangu, likawa dogo, nikanunua lingine kubwa. Limetundikwa mlangoni pamoja na koti. Kuna wikendi moja ya Julai ambapo mkoa unaruhusu watu wavue bila leseni, na mimi mwaka huu nitakaa botini, si ufukweni. Sitapika kuku siku hiyo.

Mtoto anavua sasa. Anafunga ndoano kwa lile fundo ulilomwonyesha botini siku ile, anazungusha uzi mara tano, anaupitisha kwenye tundu, halafu anakwama. Anasema kuna mara moja zaidi ya kuupitisha, mjomba aliifanya haraka kwa sababu upepo ulikuwa umeanza. Jumamosi samaki wawili wameondoka na ndoano zake. Aliniletea uzi nimsaidie, nikauzungusha hivi na hivi, ukafunguka mkononi mwangu. Nimempa anwani yako. Hajaniuliza kama aende.