Taarifa ya mwenyekiti wa jumuiya ya wazimamoto, Zanzibar, kwa mwaka 2025: shughuli, ada na ile barua kuhusu wazimamoto kupewa bunduki

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa wajumbe wa kamati, ndugu zetu mliovuka kutoka Pemba, wazee wetu wastaafu wa zimamoto na vijana mlio bado kazini, nakushukuruni kwa kufika. Waliofika kwa wakati nawashukuru zaidi, na wala hawana haja ya kutajwa kwa majina maana walikuwa wanatosha benchi moja.

Shughuli za kawaida mnazijua. Khitma ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki ilisomwa, Mungu awarehemu. Wagonjwa tuliwatazama. Somo la mitungi ya gesi na moto wa jikoni lilifika skuli nne, mbili Unguja na mbili Pemba. Bonanza la mpira lilichezwa, na matokeo yake nayaacha uwanjani. Printa iliharibika ikatengenezwa, na fundi alilipwa na mtu ambaye hataki kutajwa, ingawa risiti anayo mshika fedha na jina langu limo.

Kuhusu fedha, daftari lina wanachama 112. Waliolipa ada ya mwaka mzima ni 37, waliolipa nusunusu 29, na 46 hawakutoa hata senti. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na wengi wetu hatuoni tabu kuzitoa kwa chakula Forodhani jioni moja. Tumekusanya 1,179,000. Kodi ya chumba cha ofisi, umeme, nauli za boti za wajumbe wa Pemba na mikono ya pole vimekula 1,340,000. Pengo la 161,000 limezibwa. Nani kaliziba, naomba yasiwe mazungumzo ya leo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowajaza ukumbi, maana kwa khitma hamkuja wingi huu.

Tarehe 29 Juni 2025, huko Coeur d'Alene katika jimbo la Idaho, Marekani, kijana mmoja aliwasha moto mlimani, kisha akajificha na bunduki akiwasubiri wazimamoto. Aliwaua wawili, wa tatu akajeruhiwa vibaya. Habari ile iliingia kwenye grupu letu usiku, na mpaka alfajiri simu yangu haikunyamaza. Haukupita muda, kijana wetu mmoja aliye kazini akapigwa jiwe la bega na watu waliohamaki kwamba gari imechelewa. Hapo hoja ikapata miguu: askari wa zimamoto wapewe bastola wakiwa kazini, na jumuiya yetu iandike kuunga mkono.

Niliandika. Lakini niliandika kupinga, na tangu siku hiyo nimeitwa majina ambayo umri wangu hauyastahiki.

Wa kwanza kunilaumu wanasema mkutano mkuu haukushauriwa. Mkutano wa Agosti uliitishwa kwa ajili hiyo hiyo. Akidi kwa katiba yetu ni watu 38, walikuja 22. Tukauahirisha wiki mbili, wakaja 17, na wawili kati yao waliondoka kabla ya dua kwa sababu kulikuwa na mechi Amaan. Katiba inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua akipata ridhaa ya wajumbe watano kati ya saba wa kamati. Nilizipata saini tano. Mjumbe anayesema alizisikia habari hizi barazani alipigiwa simu, ikawa imezimwa. Sasa mimi ningengoja mpaka aichaji?

Hoja ya wenzetu naijua vizuri na sitaki niambiwe nimeipindisha. Wanasema sisi ni askari, tuna vyeo na gwaride, tumo katika Idara Maalum za SMZ, yaani vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wana silaha, Mafunzo, yaani askari wa magereza, wana silaha, kwa nini sisi tubaki na mpira wa maji? Wanaongeza kwamba Texas mwaka 2021 walipitisha sheria inayowaruhusu baadhi ya wazimamoto na wahudumu wa dharura wa sehemu ndogondogo kubeba bastola kazini, baada ya mafunzo. Kweli. Na New York wapo maofisa wa zimamoto wenye bastola, hilo pia kweli, ila hao ni wapelelezi wenye mamlaka ya kumkamata mtu, wanaochunguza nani kauwasha moto. Anayeingia ndani na mpira ni mwengine.

KMKM anamfukuza mtu wa magendo baharini. Mafunzo analinda wafungwa. Kila mmoja ana mtu mbele yake anayetaka kumponyoka. Sisi tunakwenda kwa mtu anayeomba tumfikie. Na kama uaskari peke yake ungetosha kuwa sababu, basi wazimamoto wa mji wa Paris wangetutangulia. Wale ni wanajeshi hasa, kikosi chao kiliundwa na Napoleon mwaka 1811, baada ya moto wa mwaka uliotangulia kwenye nyumba ya balozi wa Austria. Zaidi ya miaka 200 imepita, na kwenye moto wanakwenda na mipira, ngazi na mashoka.

Katika kikao cha kamati nilileta glavu za kuzimia moto. Nikamwomba mjumbe aliyekuwa akisema sana azivae, kisha achukue funguo ya kabati iliyokuwa juu ya meza. Aliisukuma mpaka ukingoni, ikaanguka. Akainama, ikateleza chini ya kiti cha mshika fedha. Mwishowe alizivua zile glavu kwa meno. Huyo ndiye alitaka mwenzake, ana mtungi wa hewa mgongoni na moshi usoni, atafute kifyatulio cha bastola. Akiivua akaiacha garini, nani ataikaa ulinzi katikati ya umati? Akiingia nayo akaiangusha, mnajua wenyewe baruti haihitaji moto mkubwa. Nyuzi 170 hivi za Selsiasi zinatosha kuiwasha, na chumba kinachoungua hupita 600 upande wa dari.

Tena yule wa Idaho alikuwa amejificha na bunduki ndefu. Vivyo hivyo Webster, jimbo la New York, tarehe 24 Disemba 2012, mtu alichoma nyumba kwa makusudi na kuwavizia wazimamoto, akaua wawili. Bastola iliyo kiunoni chini ya koti zito ingemfaa nini mtu ambaye hata hajui risasi inatokea wapi? Walichohitaji ni polisi, na Idaho polisi walikuja kwa mamia.

Lakini sababu yangu kubwa ni hii, na nataka wenzangu wa Pemba wanisikilize. Moto ukiwaka Mji Mkongwe gari haipiti vichochoroni. Inasimama barabarani, mpira unaburutwa. Nani anauburuta pamoja nasi? Ni vijana wa barazani, muuza kahawa, bibi aliyetoka na kanga na ndoo yake. Wanaonesha mlango wa nyuma, wanasema nani kalala chumba cha juu. Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama, wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao bila kungoja amri. Mwananchi hutusogelea kwa sababu hana hofu nasi. Visiwa hivi vina kumbukumbu zake za bunduki barabarani, sitaki kuzifukua hapa, lakini kila mtu mzima ukumbini anajua bunduki ikionekana watu wanaelekea wapi.

Kijana wetu aliyepigwa jiwe nilikwenda kumtazama mwenyewe, nikampelekea juisi na mkono wa jumuiya, ambao kwa hali ya mfuko ulikuwa mkono wangu. Aliniambia waliomrushia ni watoto wa mtaa ule ule anaokaa mkwe wake. Angekuwa na bastola siku ile?

Barua haikusema askari wetu waachwe hivi hivi. Imeomba polisi waongozane na gari panapokuwa na fujo, masheha, wakuu wa shehia, washirikishwe kuzuia umati, na mabomba ya maji ya zimamoto yakaguliwe, kwani hasira nyingi za watu huanzia kwenye maji. Majibu hayajaja. Yakija nitayasoma hadharani, yawe mazuri yawe mabaya.

Asiyeridhika ana haki ya kuleta hoja leo barua ifutwe. Akidi ipo, alhamdulillahi, mara ya kwanza mwaka huu. Ila kura ni ya mwenye ada hai, na hilo si langu, ni kifungu mlichokipitisha wenyewe.

Mwaka ujao, Mungu akijaalia, tunatarajia kufungua tawi Wete, kutafuta mfadhili wa vifaa vya mafunzo, na kuangalia uwezekano wa mradi wa viti vya kukodisha. Kamati italifanyia kazi. Mkutano mmoja tutajitahidi ufanyike Chake Chake, fedha ikiruhusu.

Hesabu kamili ataisoma mshika fedha. Meza ya ada iko mlangoni mkono wa kulia, na chenji ipo.